Maharage Niliyokutumia Maswa

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kigoda chako uani, si kitandani, na lile goti lako limepunguza kiburi. Sisi huku tunaamka na kulala. Mjukuu wako Editha ameota meno mapya ya mbele na Kifipa kinamtoka kama maji. Nikimsemesha Kisukuma ananitazama kama mgeni aliyepotea njia. Baridi imeshaanza. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na blanketi ulilonipa siku naondoka ndilo ninalojifunika mpaka leo, ingawa mkweo Deusi analivuta lote upande wake.

Shija, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mayu. Soma polepole. Usiruke mstari na usimfupishie, maana wewe tangu utotoni ulikuwa ukitumwa maneno kumi unafikisha matatu. Ukifika mahali ambapo sauti inakwama, kunywa maji, kisha endelea.

Mayu, utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu naiogopa. Hapa nyumbani mtandao unashika mahali pamoja tu, mlangoni pa jikoni, na mlangoni hapo ndipo mama mkwe wangu anapoota jua. Hata nikisema Kisukuma ataniona nalia, na akiniona nalia ataelewa. Kaka Masanja amepanda kutoka Milepa, kule bondeni anakochunga, kuja kuniaga, anakuja huko nyumbani kuwasalimu na atarudi kwenye ng'ombe wake kabla ya mvua. Nitampa barua hii mkononi. Kuna kitu kimoja nitakuomba, nacho ni habari ya yale maharage niliyokutumia.

Unayakumbuka? Yale madogo, rangi ya chai ya maziwa, yenye mistari myekundu na jicho jeusi. Mwaka nilioolewa, nilipomaliza kulima ntumba zangu za kwanza, mama mkwe aliniita jikoni, akashusha kibuyu kilichokuwa kinaning'inia juu ya moshi, akanimiminia mbegu kwenye khanga. Ndivyo wanavyofanya katika nyumba hii. Mkwe hakupi mbegu siku ya harusi, anasubiri kwanza auone mkono wako kwenye jembe. Yeye naye alipewa hivyo hivyo na mama mkwe wake. Nilifurahi mno, Mayu. Nikayagawa, nusu nikapanda, nusu nikakutumia wewe, ili ujue kwamba mwanao amekubalika ugenini.

Na hizo ntumba, kwa kuwa hujaziona, ngoja nikueleze, maana bila hizo hutaielewa habari yangu. Sisi huko tunapiga matuta na kumwaga samadi ya ng'ombe. Hawa wanaacha nyasi zirefuke mpaka kiunoni, kisha mvua ikishalainisha ardhi wanazilima pamoja na udongo wake, wanazigeuza juu chini na kuzifukia mpaka kinatokea kilima kidogo cha mviringo. Hicho ndicho ntumba. Nyasi zinaoza humo ndani na kuwa mbolea. Juu yake wanapanda maharage, na msimu unaofuata wanavisambaza vile vilima na kupanda ulezi. Nilipofika niliona ni kujitesa bure. Leo mgongo wangu umezoea, na shamba la ntumba likikamilika nalitazama kama wewe unavyotazama zizi lililojaa.

Sasa, nyuma ya nyumba yetu kuna mteremko mkali unaoshuka mpaka kijito. Lilikuwa shamba la baba mkwe, marehemu. Watu wanasema ndilo lililokuwa likitoa maharage mazuri kuliko yote kijijini. Mimi sikumkuta mzee. Miiba ilikuwa imeanza kuliingia shamba lake, akapanda na bomba la dawa mgongoni, limejaa, siku ambayo udongo ulikuwa unateleza. Aliteleza. Bomba ndilo lililomvuta chini, na dawa ikammwagikia mgongoni wakati nyonga imeshavunjika. Alilala kitandani masika yote na hakuinuka. Tangu siku hiyo mama mkwe alikataza mtu yeyote kupanda kule. Vichaka vikajaa mpaka mteremko ukageuka ukuta wa miiba, na Deusi alikuwa akipita nyuma ya nyumba bila kugeuza shingo.

Nilikwambia kwamba mkweo alipata kazi kwenye kampuni moja ya watu wa Dar. Wanasafisha njia ya nguzo za umeme zinazoteremka kwenye ukingo wa bonde kuelekea kwa akina Masanja. Kule gari halifiki, na mtu wa bomba angetambaa kwa tumbo. Kwa hiyo wanatumia droni, kile kindege kisicho na mtu ndani. Hiki chao ni kikubwa, Mayu, mapanga yake yakikunjuliwa kinajaza kitanda, na tumboni kina tangi la dawa. Deusi anakaa chini na rimoti yake, kindege kinapanda kikiufuata mlima kama mtu anayepapasa ukuta gizani, kinanyunyiza, betri ikikaribia kwisha kinarudi chenyewe. Alijifunza haraka mpaka wakamwacha akirushe peke yake. Siku ya kwanza aliporudi nyumbani hakuongelea mshahara. Alimwambia mama yake, "Mama, hakuna mtu atakayepanda tena mlima na bomba mgongoni."

Nadhani tangu saa hiyo alikuwa anauwaza ule mteremko. Walipofika kufanya kazi karibu na kijiji chetu alimwomba msimamizi wao, naye hakuwa mtu mbaya, akasema dawa iliyobaki kwenye ndoo chukua. Basi asubuhi moja isiyo na upepo kijiji kizima kilisimama nyuma ya nyumba yetu. Mama mkwe alikaa kwenye jiwe, rozari mkononi. Kile kindege kilinguruma, vumbi likatufunga macho, kikapanda juu ya ile miiba iliyommeza mumewe na kuanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na ukungu mweupe ukawa unashuka chini yake.

Kilipotua, mama mkwe aliuliza, "Kwa hiyo hakuna aliyepanda?"

"Hakuna, Mama," Deusi akamjibu. "Miguu yote iko hapa chini."

Alitutazama miguu, mmoja baada ya mwingine, kama vile haamini. Kisha akacheka. Mayu, miaka yote niliyokaa naye nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti. Deusi aligeukia pembeni akajifanya anafuta rimoti.

Haikuchukua muda vichaka vikaanza kujikunja. Majani yalijiviringisha kama kiganja cha mtoto aliyelala, vikonyo vikapinda, kisha vikakauka vikawa vya kuni. Nyasi hazikuguswa. Dawa ile haiui nyasi, ndiyo sifa yake waliyofundishwa, inaua vichaka na kuacha malisho. Zilipopata jua na nafasi zikapanda mpaka zikatufika kifuani, mbichi, nzito. Mama mkwe alikuwa akienda kila asubuhi kuzishika tu. Aliniambia, "Kabula, nyasi kama hizi ni shibe ya miaka."

Ukafika wakati wa kulima. Tulipika pombe ya ulezi, majirani wakaja kutusaidia, tukapanga mistari kuanzia chini kijitoni kwenda juu. Mama mkwe na uzee wake alilima ntumba ya kwanza yeye mwenyewe, mahali mumewe alipoangukia. Hakulia. Alifukia nyasi vizuri, akaipiga ntumba kwa bapa la jembe, akasema, "Haya, Baba Deusi, shamba lako hili." Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Mbegu alizipeleka kigangoni zikabarikiwa Jumapili. Jumatatu tulipanda. Kawaida anabakiza mbegu kidogo kwenye kibuyu, hata mwaka wa ukame. Safari hii alimimina zote. Nikamwambia, "Mama, tusibakize kidogo?" Akasema, "Nibakize nikimwogopa nani? Shamba la mzee limerudi, mwanangu. Acha lijae." Akakigeuza kibuyu, akakipiga matakoni, ikatoka punje ya mwisho.

Yaliota, Mayu. Yaliota yote kwa pamoja, tukawa tunapita huku tumeinua vichwa. Halafu majani ya pili yalipotoka yalitoka yamejikunja. Tukasema ni baridi. Tukasema ni wadudu, tukapuliza majivu. Siku zilivyokwenda ndivyo yalivyozidi kujisokota, mashina yakapinda, mengine yakachomoza majani membamba kama vidole vya kuku. Hakuna ua lililotoka. Na shamba la jirani, ng'ambo ya kijito, maharage yamesimama vizuri, mvua ile ile, udongo ule ule.

Maneno yakaanza. Huku nako yapo, usidhani ni kwetu tu. Wakasema ni mkono wa mgeni. Ni yule Msukuma, wakasema, nani anajua kaja na nini kwenye mafundo ya khanga yake. Niliyasikia kisimani, nikajitwika ndoo yangu nikaondoka, nilipofika nyumbani nikakuta mama mkwe ameshasikia kabla yangu. Alichukua fimbo yake, akatembea mpaka kisimani, na aliyekuwepo akanisimulia alichosema: "Huyu ni mkono wangu. Anayemsema yeye aniseme mimi usoni." Basi. Akarudi akaketi. Ndipo nilipojua kwamba sikuolewa na mtu mmoja tu katika nyumba hii.

Deusi alikuwa kwenye kambi yao kwenye ukingo wa bonde. Aliporudi mwisho wa wiki alitushukia shambani moja kwa moja, bado amevaa viatu vya kazi. Aliinama kwenye ntumba ya kwanza, akalishika jani, akalikunjua kwa vidole viwili, likajikunja tena. Akashika jingine. Kisha akaketi pale pale kwenye udongo.

"Kabula," alisema, "hivi ndivyo vichaka vilivyofanya."

Sikumwelewa haraka. Akanieleza taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Dawa inaua kila chenye jani pana. Nyasi inainywa, haifi, inakaa nayo tu mwilini. Ng'ombe akila nyasi ile hadhuriki, na waliomfundisha waliishia hapo, kwa sababu kwao nyasi ni ya ng'ombe. Hakuna aliyewaza kwamba wako watu wanaozifukia nyasi ardhini ili wapande maharage juu yake. Tulifukia nyasi, tukafukia na dawa, na mizizi ya maharage ilipoteremka ikaikuta. Alikwenda kumpigia msimamizi wake mlangoni pa jikoni, wakati mama yake ametoka. Msimamizi alimjibu kwamba dawa haikukosea, imefanya kazi yake, na kwamba inaweza kukaa humo ardhini mwaka au zaidi. Hata samadi ya ng'ombe waliokula nyasi zile inabeba. Mwambie Masanja hilo, nimeshamwambia lakini anasahau.

Jioni alikwenda kumwambia mama yake. Nilitaka kumzuia, akasema hapana, watu wasije wakaendelea kukusema wewe. Alipiga magoti mbele yake, mtu mzima yule, akasema yote. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwekea mkono kichwani, akasema, "Wewe hukupanda mlima. Hilo ndilo nililokuwa nataka." Hakuongeza neno la lawama, wala siku hiyo wala baadaye. Deusi aliniambia usiku afadhali angempiga.

Tangu hapo mkweo amebadilika. Amerudi kazini, maana tutakula nini, lakini kila kijiji wanachofika anatangulia kwa miguu kabla kindege hakijaruka, anawaambia wanawake wasifukie nyasi za chini ya nyaya. Wengine wanamshukuru, wengine wanamcheka, na msimamizi ameanza kumnunia kwamba anachelewesha kazi. Sijui atadumu hapo kwa muda gani. Nikimwambia apumzike ananijibu kwamba sauti ya kile kindege, aliyoipenda sana, sasa inamkera hata akiwa amelala.

Lakini mama mkwe ndiye aliyenivunja moyo. Siku ya pili alishusha kile kibuyu, akakitikisa sikioni. Akakigeuza, akachungulia, akaingiza kidole. Akakirudisha juu ya moshi kikiwa kitupu. Kisha akaenda kulala akageukia ukutani, na hakutaka tena uji wala ugali. Maharage hayo, Mayu, hayapo tena kwingine. Zamani kila nyumba ilikuwa nayo, lakini wanunuzi walipoanza kuja na malori wakawa wanataka mekundu tu, ya rangi moja, na watu wakahamia kwenye mbegu za dukani. Yeye peke yake aliyashikilia. Nilikwenda mpaka mnadani Mpui, nikafungua gunia moja baada ya jingine huku wachuuzi wakinigombeza. Nikawauliza bibi zao nao. Wengine walinikumbusha utamu wake tu.

Alikuwa anakwisha mbele yangu. Nilimwinua kichwa nikamwekea kijiko mdomoni, uji ukamwagika kwenye mto. Na hapo, Mayu, nikasema neno ambalo sijui kama lilikuwa langu kulisema. Nikasema, "Mama, mbegu zako zipo. Zipo Maswa kwa mama yangu. Nilimtumia mwaka ule uliponipa."

Alitoa uso ukutani. Akaniuliza, "Mama yako ni mkulima?"

"Ni mkulima, Mama."

"Basi hawezi kuwa amezila zote," akasema. Akafungua mdomo, akanywa uji wote, akaomba maji.

Tangu siku ile anakula. Anatoka nje, anaota jua mlangoni pa jikoni, anauliza Masanja anaondoka lini, na barabara ya Maswa ikoje. Amechagua tayari mahali atakapopanda, kiraka kidogo tambarare karibu na banda la kuku, kule dawa haikufika. Ameniambia yakija hatapanda yote, ameshajifunza. Mimi namwitikia, ndiyo Mama, kisha naingia ndani najifanya natafuta kitu. Kwa sababu mimi nakumbuka, Mayu. Nilipokutumia ulinipigia simu ukasema ni matamu, yanaiva haraka, na watoto waliyakomba mpaka mchuzi. Nilicheka siku hiyo, nikafurahi kwamba mmeyapenda. Sikukwambia ni ya mbegu. Nilidhani utajua, au sikudhani chochote, nilikuwa bibi harusi mwenye furaha na nilitaka mle.

Ninachokuomba ndicho hiki. Tafuta. Angalia kwenye ule mtungi uliovunjika shingo, unamoweka karanga. Kung'uta magunia ya kihenge, angalia kwenye mafundo ya khanga zako za zamani, maana nakujua hutupi kitu. Muulize jirani kama ulimgawia kidogo apande. Pale kwenye jalala la maganda nyuma ya jiko, tazama kama kuna mche ulijiotea wenyewe mvua zilizopita. Hata zikiwa chache za kujaza kiganja. Hata ikiwa moja, Mayu, moja tu ifunge kwenye kitambaa umpe Masanja, nayo mama mkwe ataipanda na kuilinda na kuku.

Na kama hakuna, usihuzunike wala usijilaumu, ulikula zawadi ya mwanao na ndivyo nilivyotaka. Lakini naomba usiniwekee maharage mengine yanayofanana nayo. Najua moyo wako, utataka kumpa mama mkwe chochote. Usifanye hivyo. Atayamimina kiganjani na atajua. Afadhali Masanja arudi mikono mitupu aje kwangu kwanza, nami nitatafuta saa ya kumwambia, nikiipata.

Nisalimie Baba, mwambie baridi ya huku ingemponya uvivu wa kuoga. Msalimie shangazi aliyenifundisha kusuka ungo, mwambie ungo wake bado unapepeta ulezi wa Wafipa. Msalimie wifi yangu, mke wa Masanja aliyebaki huko na watoto, na yule mama jirani wa upande wa bwawani aliyenifungia mizigo siku ya safari. Wewe Shija, kama umesoma mpaka hapa bila kufupisha, nimekusamehe yote ya zamani. Deusi anakuamkia, Mayu, shikamoo yake hii hapa.

Mama mkwe naye anakusalimu sana. Amesikia kalamu ikikwaruza, akauliza namwandikia nani, nikamwambia. Amesema nikuandikie kwamba kibuyu ameshakisafisha.

Ni mimi mwanao ninayekukumbuka,
Kabula